Kitambaa Changu na Mtandio wa Mama Mwajuma

Ninyi wenzangu wa kambi ya reli mmeniuliza mara nyingi: nilikwenda Kabongo nimefunga uso, nimerudi uso wazi, je, huko njiani kulitokea nini? Kila nikianza kusimulia, mmoja wenu ananikatiza kwa mzaha nami napoteza mpangilio. Ndiyo maana nimeandika. Nimeandika mara nne. Karatasi za kwanza, za pili na za tatu nilizichana, kwa sababu kila nilipozisoma nilijikuta nimejifanya mtu mwema kuliko nilivyokuwa. Hizi za nne nitaziacha zilivyo.

Ajali mnaijua. Mvuke wa injini ulinichoma shavu la kushoto, kuanzia chini ya jicho mpaka kona ya mdomo. Msichokijua ni kwamba muuguzi aliniambia niache kufunga kitambaa wiki mbili kabla ya safari. Kidonda kilikuwa kimeshafunga. Mimi niliendelea kukifunika kila asubuhi mbele ya kioo, pembe juu ya pembe, na mkunjo usipolingana nilifungua nikaanza upya. Shuleni sikufika mbali. Kuandika nimejifunza mwenyewe kwa kunakili kila karatasi iliyopita mkononi mwangu, na tangu hapo siwezi kuvumilia kitu kilichopinda. Shavu langu limepinda.

Nilikuwa nakwenda kwa wazazi wa Monika, ili wanione kabla ya kukubali uchumba. Baba yake alikuwa na barua yangu niliyomwandikia kwamba nimeumia "kidogo, mkononi".

Kamina: kupanda kamio

Kamio lilikuwa lori la mfanyabiashara mmoja, limejaa magunia ya chumvi, na sisi abiria tulikaa juu ya magunia. Dereva aliitwa Banza. Mbele yangu alikaa Mama Veronika na vikapu vyake vya samaki wakavu aliowaleta kutoka Kinkondja. Kwenye kona, mgongo ukiegemea mbao, alikaa mwanamke aliyejifunika kwa mtandio mweusi hata yakabaki macho tu. Huyo alikuwa Mama Mwajuma, wa ukoo wa Waislamu tunaowaita Bangwana. Alisindikizwa na baba yake mdogo, Mzee Sefu, mwenye duka dogo Kabongo.

Mnakumbuka miezi ile jinsi mji ulivyojaa maneno ya batumbula, wale watu waliosemekana kuwakamata wenzao na kuwafungia mahali kama mifugo ya kuliwa. Wengine walisema mahali penyewe ni upande wa base, ile kambi ya jeshi iliyokuwa bado inajengwa. Hakuna aliyewahi kumwona mutumbula, lakini kila mtu alijua alivyo: amefunika uso.

"Weye wa kitambala," Mama Veronika aliniambia kabla hata injini haijawashwa, "uso yako iko wapi?"

"Mama, minyi niliungua."

"Batumbula bote banasemaka baliungua."

Banza alicheka akiwa amesimama chini, mguu mmoja juu ya gurudumu. "Mwache, mama. Huyu haiko mutumbula, iko kifwebe. Kifwebe hakuna mutu anamuulizaka jina."

Watu wakacheka, kwa maana wazee bado wanakumbuka kifwebe, uso ule wa mti wenye mistari, na jinsi aliyeuvaa alivyopita kijijini bila mtu kumhoji. Siku hizi mapadri wameukataza. Nami nilicheka, lakini chini ya kitambaa, kwa hiyo hakuna aliyeona kwamba nimecheka.

Niliona jambo moja. Mama Mwajuma hakuulizwa chochote. "Njo dini yao," mtu mmoja alisema, na watu wakakunja miguu ili apate nafasi. Mimi je? Nilimtazama vidole vya miguu, kwa kuwa vilionekana vikubwa, nikajiuliza kama hakuna mwanamume ndani ya nguo ile. Nakiri. Niliyekuwa nashukiwa nilikuwa nashuku.

Kizuizi cha kutoka mjini

Polisi wa kizuizi alipanda kwenye bodi akamwonyesha Mama Mwajuma kwa fimbo.

"Na huyu?"

"Mutoto ya ndugu yangu," alijibu Mzee Sefu. "Njo dini yetu, bwana."

"Haya." Fimbo ikahamia kwangu. "Na weye?"

"Dawa, bwana."

"Dawa haiko dini. Toa."

Sikutoa. Alinyoosha mkono mwenyewe, akainua pembe ya kitambaa, akachungulia kama mtu anayefunua chungu kilicholala siku nyingi. "Aa! Funga, funga!" alisema, akafuta kidole kwenye suruali yake.

Kidole kile nilikibeba moyoni saa zote za barabara. Niliwaza hivi: mtandio wake umeaminiwa kwa neno moja, kitambaa changu kimefunuliwa. Vyote viwili ni nguo, na chini ya vyote viwili kuna uso. Kwa nini cha dini kipite na cha maumivu kisimamishwe? Nililipanga swali hilo vizuri kama barua, nikaliona ni swali la haki. Labda ni kweli. Lakini sikuuliza yeye anauchukuliaje mtandio wake. Niliuliza tu kwa nini mimi sikupata alichopata.

Nikaapa kwamba hakuna mtu mwingine atakayenifunua.

Siku mbili kwenye mti wa mvua

Mchana ule mvua ilianguka kama iliyokuwa inatusubiri. Mliosafiri upande ule mnajua: mvua ikinyesha, mti unalazwa barabarani, na hakuna kamio linalopita mpaka udongo ukauke. Tulikuta mti umeshalazwa. Pembeni palikuwa na banda la nyasi, na ndani yake brigadie wa polisi, mtu mnene aliyevaa rozari shingoni, aliyeonekana kuichukia mvua kuliko sisi.

Tulikaa hapo siku mbili. Mama Veronika alisonga ugali wetu, bukari, akachemsha samaki wake kwa mafuta ya mawese na pilipili, akaita kila mtu. Harufu ile ilinitoa mate. Lakini kula ni kufunua mdomo. Nilimega tonge langu, nikachukua mkia wa samaki, nikaenda kula nyuma ya kamio peke yangu, nimeelekea porini. Mama Mwajuma naye alikula kando, Mzee Sefu akimshikia kanga mbele kama pazia. Yeye waliona ni heshima. Kwangu nilimsikia Mama Veronika akisema, "Huyu anaendaka kukula nini kule nyuma?"

"Chakula yetu haimutoshe," akajibu mtu.

Siku ya pili habari ilifika kutoka kijiji cha karibu. Mwanamke mmoja alikwenda shambani tangu jana, hajarudi. Aliyeileta aliisema kwa sauti ya chini, na aliposema neno "batumbula" hakumtazama aliyekuwa akimwambia. Alinitazama mimi. Mama Veronika alisogeza vikapu vyake upande wa pili. Nikaanza kuwahesabia watu macho yao: nani ananitazama, nani anaangalia pembeni haraka mno, nani amekwenda bandani kusema na brigadie.

Mzee Sefu ndiye aliyekuja kukaa karibu nami.

"Kijana, toa kile kitambala. Bakiona umeungua, watakuhurumia."

"Mbona humwambii huyo wako?" nilimjibu. Sikumwamkia wala sikumwita mzee.

Hakukasirika. "Huyu akitoa, anavunja ahadi yake kwa Mungu. Weye ukitoa, unavunja nini?"

Nilifikiri ametumwa na brigadie anichunguze. Alipoondoka nilibaki na lile neno lake, ahadi, nikaligeuza huku na huku. Ndipo wazo likanijia, na nasikitika kusema nililiona ni wazo zuri sana. Nilitafuta maneno ya kulisemea wazo hilo, nikayasahihisha kichwani, mpaka yakanyooka.

Nadhiri

Alasiri ile ile brigadie alitupanga mstari mbele ya banda. Alianza na mimi.

"Toa kitambala."

"Siwezi, chef. Nilifanya nadhiri. Nilimwahidi Mama Maria kwamba hakuna mutu ataona uso yangu mpaka nifike Kabongo."

Mkono wake ulipanda wenyewe ukashika rozari. Kwa dakika moja nilijua nimeshinda. Kisha Mama Veronika akatoka mstarini.

"Nadhiri ya namna gani? Minyi niko mukristu tangu utoto. Bantu banaahidi kusali, banaahidi kuacha pombe. Kufunika uso, nani alifanya? Jana ulisema uliungua!"

"Niliungua, na nikafanya nadhiri."

"Padri gani alikubali?"

"Ni siri yangu na Mama Maria."

"Mama Maria anapendaka siri sasa?"

Watu walicheka, ila brigadie hakucheka. Alinitazama, akamtazama Mama Mwajuma, akanitazama tena. Niliona wazi kwamba kuna kitu kinavunjika kichwani mwake, na kwamba mimi ndiye niliyekivunja.

"Huyu iko na dini. Huyu naye sasa iko na dini," alisema polepole. "Kesho mutumbula atakuja na dini yake. Minyi nitajua ya nani njo ya kweli? Hapana. Bote banatoa. Mama kwanza."

Mzee Sefu alikwenda mbele yake, mikono wazi. "Chef, nakuomba. Mwanamuke amwangalie mwanamuke. Mama huyu amupeleke nyuma ya banda, amwone, arudi akuambie."

Mama Veronika alikubali kwa kichwa. Ilikuwa njia nzuri, na ingetosha.

"Na huyu wa Mama Maria, nani atamwangalia?" brigadie aliuliza. "Nimwite masere, batawa ba mission? Sheria ni moja. Bote, hapa hapa."

Hapo ndipo palikuwa na nafasi yangu. Haikuwa fupi, msidhani ilinipita ghafla. Ilitosha kusema: chef, nimesema uongo, sina nadhiri, mwache huyu mama. Mkono wangu ulifika hata kwenye fundo kisogoni. Nilikuwa nimelifunga kwa ufundi ili barabara isililegeze, nikajiambia kwamba fundo ni gumu, ngoja kwanza nilifungue. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili siku ile.

Mama Mwajuma hakungoja kushikwa. Alichomoa pini mwenyewe, akashusha mtandio, akasimama.

Alikuwa msichana. Sauti yake nilikuwa sijaisikia, nikamdhania mtu mzima. Alikuwa na umri wa Monika, na juu ya pua palikuwa na mstari mwembamba uliochorwa na mshono wa nguo. Alitazama chini. Kila mtu alimtazama yeye, Banza, wapakizi wa kamio, aliyeleta habari ya kijijini. Mimi nilimtazama kuliko wote. Katika zile karatasi nilizochana niliandika kwamba niligeuza uso. Sikugeuza.

"Na weye," brigadie aliniambia.

Nikatoa kitambaa. Hakuna aliyegeuka. Uso niliouficha wiki hizo zote, niliousemea uongo kwa jina la Bikira, ulikuwa wazi mbele ya watu zaidi ya kumi, na hakuna aliyekuwa na macho ya kuutazama. Brigadie alisema, "Haya."

Mtandio aliuchukua, akautundika kwenye msumari wa banda. "Utaukamata siku ya kurudi," alisema. "Mpaka Kabongo, uso wazi." Kitambaa changu hakukitaka.

Kabla ya jua kuzama, mwanamke aliyepotea alikuja akitembea barabarani na kikapu cha uyoga kichwani. Mvua ilikuwa imemkuta karibu na kwa dada yake, akalala huko. Alipoona jinsi tunavyomtazama, alishusha kikapu akauliza nani amekufa.

Barabara ya Kabongo

Asubuhi mti uliinuliwa. Mama Mwajuma alipanda kamio ameficha uso begani kwa Mzee Sefu. Mama Veronika alimtazama kitambo, kisha akafungua kitambaa alichojifunga kichwani, akampa. Kilinuka samaki. Msichana alijifunika nacho, na Mama Veronika akasafiri siku nzima kichwa wazi, nywele zake za mvi zikiwa zimejaa vumbi.

Nami aliniita. "Rafaeli, kaa hapa mbele yangu nikuone."

Nikakaa. Alinishika kidevu, akaligeuza shavu kwenye mwanga, akalikagua kama anavyokagua samaki.

"Uso yako haiko mubaya," alisema. "Mudomo yako njo mubaya."

Hakuna aliyenisemesha tena mpaka Kabongo. Mara mbili nilijitahidi kumwambia Mzee Sefu neno la kuomba radhi, na mara zote mbili nilisimama katikati nikitafuta lililo bora.

Kabongo

Kwa kina Monika walinikalisha uani. Baba yake aliliangalia shavu, akaenda ndani, akarudi na barua yangu.

"Hapa uliandika mukono."

"Niliogopa, baba."

"Mwandiko muzuri kabisa," alisema akiikunja. "Njo maana nilikuamini."

Mama yake alikuwa amekaa mlangoni akitupa mgongo, kanga ameivuta mpaka juu ya uso, kama mama mkwe afanyavyo kwetu mbele ya mkwe. Hakuruhusiwa kuniona, wala mimi kumwona. Na mnajua, hakuna polisi anayemhoji mwanamke wa namna hiyo, hata padri akipita uani pale humsalimu mgongo wake na kuendelea. Hiyo si dini wala dawa, ni desturi tu, na kila mtu huamini. Nilikaa nikiitazama ile kanga, nikihesabu nyuso zilizofunikwa nilizozipita tangu Kamina, nikatafuta kanuni moja ya kuzigawa. Sikuipata.

"Monika," sauti ilisema chini ya kanga, "uniambie, uso yake iko namna gani?"

Monika alisimama mbele yangu. Hakuharakisha. "Mama, iko na alama kubwa upande wa kushoto. Inaanzia chini ya jicho." Akanitazama machoni. "Lakini anaona haya ya kintu kingine. Haiko ya alama."

Ndipo nikawaeleza yote. Baba yake alisikiliza mpaka mwisho, akasema hawanikatai wala hawanikubali, nirudi baada ya mavuno. "Lakini kwanza uende kwa Muzee Sefu."

Nilikwenda. Mzee Sefu alikuwa amesimama kwenye mlango wa duka lake, na hakusogea. Nilimwambia nataka kumwomba Mama Mwajuma radhi, hata kutoka nje, hata bila kumwona.

"Ulimwona mara moja," alisema. "Inatosha."

Kurudi

Kamio lililonirudisha lilisimama kwenye banda lile lile, ingawa hapakuwa na mvua. Brigadie alinitambua, nadhani kwa shavu. Niliyasema upesi ili nisipate muda wa kuyanyoosha: kwamba ile nadhiri ilikuwa uongo, kwamba kabla yangu alikuwa akiwaacha kina mama wapite, na kwamba ningeomba awaache tena.

Alicheka kwa wema. "Uongo? Haizuru. Ulinisaidia. Zamani nilikuwa nateseka kuuliza, huyu dini gani, huyu ugonjwa gani. Sasa, bote. Juzi muzee mumoja aliyefunga uso kwa maumivu ya meno alilia, mama wa Bangwana alilia, hakuna aliyesema nilimupendelea mwenzake." Kisha akawa kama amekumbuka kitu. "Dereva wako anasema unajua kuandika. Niandikie ubao, niutundike pale kwenye muti. Andika: Wote kufunua uso."

Alinipa ubao na chaki. Nitawaambia ukweli, mkono wangu uliifurahia ile chaki. Nilifikiri, nikiandika mimi, naweza kuongeza neno. Isipokuwa wa dini. Lakini dini ndiyo niliyoibia. Isipokuwa wagonjwa. Nani ataupima ugonjwa? Isipokuwa mwanamke akaguliwe na mwanamke. Na mwanamume mwenye haya je? Nilisimama pale na sentensi kumi, kila moja ikiacha mtu nje au ikimwingiza mwongo kama mimi.

Ubao ulikuwa na hesabu za zamani za magunia. "Pangusa kwanza," brigadie alisema, akachomoa nguo kwenye msumari akanirushia.

Ilikuwa ni mtandio. Ulikuwa umeshakuwa mweupe kwa chaki upande mmoja, na pini bado imo.

Niliukunja. Nikauweka ndani ya shati langu, nikauacha ubao chini na hesabu zake, nikapanda kamio. Brigadie aliniita mara mbili, lakini dereva alikuwa na haraka. Tulipokuwa tunaondoka nilimwona ameinama, anaandika mwenyewe, polepole, na herufi zimepinda. Kwa umbali ule sikuweza kusoma.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa katikati ya kwenda na kurudi. Mtandio uko kwenye sanduku langu. Nimeufua mara tatu na chaki imetoka yote. Mimi siwezi kuupeleka, mmesikia Mzee Sefu alivyosema. Mmoja wenu akienda Kabongo, apite kwangu auchukue, na akisimamishwa njiani akaulizwa kilichomo kwenye kifurushi, aseme ni cha mtu, kiliporwa kwa kosa la Rafaeli. Asikifungue. Na akifika pale kwenye mti, ausome ubao, aje aniambie umeandikwa nini.